Jiwe la Baba na Chungu cha Akiba

Ujumbe wa simu ulimkuta Puseletso Lephuting amesimama kwenye mstari wa kufungasha kuku, glavu mpaka viwikoni, kofia ya wavu kichwani, na tabasamu la mtu anayesubiri pesa. Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha kuku pale Botshabelo, na msimamizi haruhusiwi kushika simu karibu na nyama. Lakini simu iliponguruma mfukoni alijua ni benki. Akamwambia Moleboheng, rafiki yake wa kupima mizani, "Nishikie hapa, tumbo linaniuma," akakimbilia chooni.

Hakuwa amedanganya. Aliposoma ule ujumbe, tumbo lilimuuma kweli.

Alikuwa ameomba randi elfu thelathini kutoka kwenye akiba yake ya uzeeni. Iliyoingia ilikuwa elfu kumi na mbili na vichenji.

Alisoma tena. Akaizima simu, akaiwasha, kana kwamba pesa nazo huchelewa kupanda ngazi. Elfu kumi na mbili. Akaketi juu ya kifuniko cha choo, akaanza kuona watu. Si watu wa kiwandani. Aliwaona mjomba wake wa Lesotho na blanketi lake begani, binamu zake wa Welkom na magari ya kukopa, mchungaji, kwaya, majirani wote wa mtaani kwao, Section K, wamezunguka kaburi la baba yake Jumamosi asubuhi, na mbele yao hakuna kitu. Udongo tu.

Maana jambo lenyewe lilikuwa hilo. Baba yake, Ntate Ramothibe, alikuwa na miaka minne ardhini bila jiwe. Kaburi lake lilikuwa tuta la mchanga na kibati chenye namba, kama kabati la shule. Mama yake, Mme Disebo, alianza kumwota. Kila akimwota, marehemu anatetemeka kwa baridi, anaomba avishwe. Kwenye kikao cha familia, Shangazi Mmasello, dada mkubwa wa marehemu, aliuliza nani atamvisha kaka yake jiwe. Tshokolo, mdogo wake Puseletso, mwenye maneno mengi na kazi chache, akasema, "Mimi natafakari," wakamcheka. Puseletso alimwangalia, akapandwa na mori, akainua mkono.

"Jiwe nanunua mimi. Jeusi, lile la kung'aa, lenye picha yake. Pasaka hii."

Wanawake walipiga vigelegele. Mama yake alilia. Shangazi Mmasello akanunua ng'ombe siku ileile, na ng'ombe akishanunuliwa, huko kwetu hakuna kurudi nyuma.

Pesa alijua zipo wapi. Tangu sheria mpya ije, kiwanda kizima kilizungumza habari ya vyungu viwili: kimoja cha uzeeni ambacho hukigusi, na kimoja cha akiba ambacho unaweza kuchota kidogo kila mwaka wakati bado uko kazini. Moleboheng alichota cha kwake, akanunua friji. Dereva wa foko, lile gari la kunyanyulia mizigo, alichota, akanunua spika mbili ambazo majirani wanaziombea zife. Puseletso akafungua simu, akaona kwenye chungu chake kuna elfu thelathini kamili, akaenda kwa Ntate Khabele, mchonga mawe, akachagua jiwe la bei hiyohiyo, mpaka na malaika aliyepiga magoti. Hakuacha hata ya kununulia soda.

Hapo ndipo alipokosea, na hakuwa peke yake. Nusu ya kiwanda ilisoma tarakimu iliyoko kwenye chungu kama vile ndiyo itakayofika mkononi.

Moleboheng aligonga mlango wa choo. "Wewe, umezaa huko?"

"Wameniibia, Mole."

"Nani?"

"Sijui. Mfuko. Benki. Wote."

Moleboheng aliichukua simu, akasogeza kidole juu na chini, akakunja uso. "Hujaibiwa. Soma hapa. Hii ni kodi. Na hii nyingine ni deni. Deni la kodi. Puseletso, wewe unadaiwa na serikali?"

"Mimi? Mimi nakatwa kila mwezi hata kabla sijauona mshahara!"

"Basi limeandikwa hapa jina lako na ukoo wako. Labda kuna Puseletso mwingine anayekula bata."

Alipiga simu kwenye mfuko wa akiba ya uzeeni. Muziki ulipigwa mpaka akaujua. Mwishowe msichana mwenye sauti ya asali akamweleza kwamba ombi likishapelekwa kwa watu wa kodi halirudishwi, na kwamba ni wao waliouagiza mfuko ukate deni kwanza, na je, kuna kitu kingine angependa kusaidiwa siku ya leo?

"Jiwe," alisema Puseletso.

"Samahani, mama?"

"Basi. Asante."

*

Usiku huo hakusema kitu nyumbani. Mama yake alikuwa ameweka tangawizi ya kinywaji kwenye ndoo, ichachuke mpaka Jumamosi, na nyumba nzima ilinukia sherehe. "Ntate Khabele amepiga?" aliuliza mama. Puseletso akasema, "Amepiga, Mme. Yuko kwenye kuchonga picha." Uongo wa kwanza ulitoka laini mpaka ukamtisha.

Asubuhi Moleboheng alikuwa na dawa.

"Acha kazi."

"Unaumwa?"

"Nisikilize, dada. Watu wanasema vyungu viwili, lakini ni vitatu. Kuna cha zamani, pesa ulizoweka kabla ya sheria. Kile hukipati mpaka uache kazi. Wewe una miaka kumi na moja hapa, humo mna mlima. Unaandika barua ya kuacha, unachukua mlima wako, unamsimamishia baba yako jiwe, baada ya Pasaka unarudi kuomba kazi. Yule Sello wa machinjioni si alifanya hivyo?"

"Sello alirudi?"

Moleboheng alifikiri kidogo. "Hapana. Lakini ana sofa nzuri."

Puseletso alicheka, na kicheko kilipoisha akajikuta anaitaka ile karatasi. Aliiandika wakati wa chai, nyuma ya boksi la kufungashia, kisha akainakili vizuri. Miaka kumi na moja ya kuamka gizani, ya vidole kufa ganzi kwa barafu, ikaingia kwenye mistari mitatu. Akapanda ngazi kwenda kwa afisa utumishi.

Afisa utumishi alikuwa Bi Cronje, mama wa Kikaburu mwenye miwani ya mnyororo, anayeongea Kisotho cha shambani zaidi kuliko cha Puseletso mwenyewe. Alikuwa anakula mkate wa yai. Aliisoma barua, akameza, akaiweka chini.

"Nani amekufa?"

"Baba yangu."

"Pole. Lini?"

"Miaka minne iliyopita."

Bi Cronje alivua miwani. "Aha. Jiwe."

Puseletso alishangaa kama mtu aliyefumwa. Bi Cronje akasukuma kiti kwa mguu. "Kaa. Kila Pasaka na kila Desemba nawapata watatu, wanne. Hebu nionyeshe hiyo simu."

Alisoma. Akaanza kueleza, polepole, huku akifuta makombo mezani. Pesa ukizichota mapema kutoka kwenye chungu cha akiba, alisema, zinahesabiwa kama mshahara. Zinapandishwa juu ya mshahara wako wa mwaka mzima, kwa hiyo zinakatwa kwa kiwango cha juu kabisa unachofikia, si kile cha chini. Ungezisubiri uzeeni zingekatwa kwa huruma zaidi. Hiyo ni moja.

"Na deni? Mimi sijakopa kwa serikali, Bi Cronje."

"Umewahi kuwa na kazi mbili?"

Puseletso alitaka kusema hapana. Kisha akakumbuka. Mwaka ule kabla baba hajaumwa, Jumamosi alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba kuuza bima ya mazishi, analipwa kamisheni. Alipata ya kununulia viatu vya mtoto na kigae cha jikoni, basi.

"Ndiyo hiyo," alisema Bi Cronje. "Ukiwa na mapato ya pande mbili, unatakiwa upeleke ritani, ile fomu ya mapato ya mwaka. Ulipeleka?"

"Niliambiwa mwenye mshahara mdogo hapeleki."

"Na nani?"

Aliyemwambia alikuwa Moleboheng.

"Hukupeleka, wakaweka faini. Faini inaongezeka kila mwezi, kimyakimya. Hawakukuandikia?"

Waliandika. Jumbe zilikuja, nyingi, *ndugu mlipakodi*, na yeye alizifuta zote, maana zilifanana kabisa na zile za matapeli wanaosema umeshinda gari. Alijisifu hata kanisani kwamba yeye hatapeliwi.

"Sasa nikiacha kazi?"

"Ukiacha kazi utapata ile ya zamani, baada ya wiki nyingi, nayo ikatwe kodi. Jumamosi hii huwezi kuiona hata kwa darubini. Na kurudi..." Bi Cronje alielekeza kidole dirishani. Pale getini, kama kila siku, walisimama watu kwenye baridi, vijana kwa wazee, wakisubiri mtu mmoja augue. "Hao nitawaambia nini? Na ritani bado hujapeleka. Deni wamelichukua, lakini faini mpya inaendelea kuzaa huko ulikoiacha." Aliirudisha barua mezani kwa ncha ya kidole, kama kitu chenye mafuta. "Nikiipokea, nimeipokea. Sijaiona bado. Nakula mkate."

Puseletso aliichukua barua. Kwenye ngazi aliichana vipande vidogo, akaviweka mfukoni, na hofu yake yote ikabaki palepale. Kazi anayo. Jiwe hana.

*

Alhamisi alikwenda kwa Ntate Khabele. Uwanja wake ulikuwa kando ya barabara kuu, mawe yamepangwa kama watu waliosimama kwenye foleni ya kliniki, na Ntate Khabele mwenyewe, mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye kope, alikuwa amekalia moja.

"Mama wa malaika!" alimpokea. "Nimemaliza goti la kushoto."

Puseletso alimweleza yote. Alijiapiza hatalia, akalia. Ntate Khabele alimsikiliza akipepesa zile kope nyeupe.

"Jiwe jeusi siwezi kulitoa kwa hiyo," alisema. "Ningeweza, ningetoa. Lakini mimi nalo jiwe nalinunua, silioteshi."

"Najua, Ntate."

"Lakini Jumamosi tunaweza kuivuka." Alisogea, akashusha sauti, ingawa hapakuwa na wa kusikia isipokuwa mawe. "Lile pale la maonyesho. Jeusi, kubwa kuliko lako. Nakuazima. Nabandika kibao cha jina kwa gundi. Ijumaa jioni nalisimamisha, nalifunika blanketi, kama desturi. Asubuhi shangazi yako anafunua, watu wanapiga picha, wanakwenda kula. Jumatatu nakuja kulichukua. Unawaambia limerudi kurekebishwa herufi. Herufi zinaweza kurekebishwa hata miaka mitatu."

"Watu hufanya hivyo?"

"Mama, lile jiwe limeshasimama kwenye makaburi mengi kuliko mchungaji."

Alicheka peke yake. Puseletso aliliangalia lile jiwe. Lilikuwa zuri kweli, linang'aa mpaka alijiona ndani yake, uso mweusi juu ya weusi, macho mawili ya mtu asiyelala. Akasema sawa. Akalipa kidogo ya kuazima.

*

Jumamosi jua lilikuwa bado halijapanda vizuri walipofika makaburini. Baridi ya Aprili, mvuke midomoni, blanketi kila bega. Kwaya iliimba. Pale juu ya tuta lilisimama lile umbo refu, limefunikwa blanketi la Kisotho jipya, lenye michoro ya mahindi, na watu walipoliona walisema "Hiii!" kwa mshangao. Binamu wa Welkom alimpiga Puseletso mgongoni. "Umetuaibisha sisi wengine, ndugu yangu." Mama yake alishika mkono wake akaukaza, na kiganja chake kilikuwa cha moto. Tshokolo alisimama pembeni, suti ya kuazima, hana neno kwa mara ya kwanza maishani.

Ntate Khabele naye alikuja. Alisema amekuja kwa heshima, lakini alisimama karibu na jiwe lake kama mama karibu na mtoto kwenye bembea ya wenyewe.

Mchungaji alisoma. Mjomba wa Lesotho alitaja majina ya ukoo mpaka wale wasiokumbukwa na mtu. Puseletso alihesabu pumzi. Bado kidogo. Shangazi afunue, watu wapige vigelegele, waende. Bado kidogo tu.

Shangazi Mmasello alisogea, akashika pindo la blanketi. Kisha akaliachia.

"Hapana," alisema. "Mimi ni dada yake tu. Aliyemvisha ndiye amwambie. Puseletso, njoo uongee na baba yako. Mwambie umemletea nini."

Watu wakapisha. Puseletso hakuwa amepanga hili. Alijua watu huongea na marehemu, lakini huongea wazee. Alipiga magoti kwenye mchanga wenye umande, na mchanga ulikuwa baridi kama mama alivyoota.

"Papa," alianza. "Ni mimi. Nimekuletea..."

Ulimi ulikataa. Mama amedanganyika, kwaya imedanganyika, ndugu wote wamedanganyika, na hayo angeweza kuishi nayo. Lakini huyu hapa chini alikuwa hana simu, hana macho, hana njia yoyote ya kujua isipokuwa anachoambiwa. Umdanganye huyu, umebakiwa na nani?

"Papa, jiwe hili la kuazima."

Mtu mmoja kwenye kwaya alikohoa.

"La Ntate Khabele. Jumatatu anakuja kulichukua. Nilichota akiba yangu ya uzeeni ninunue... nikununulie lako. Sikujua kodi inakata namna ile. Na nilikuwa nadaiwa, Papa, tangu ile bima ya mazishi, nilifuta jumbe nikidhani matapeli. Imebaki nusu kasoro. Niliogopa kusema. Ng'ombe alikuwa ameshanunuliwa."

Tshokolo akadakia kutoka pembeni, "Jiwe la kukodi! Mamaa! Na mimi nilitafakari mkanicheka!"

"Funga mdomo," alisema shangazi bila kugeuka.

Mjomba wa Lesotho aliinua mkono kama mtu aliye darasani. "Samahani. Nimetoka mbali. Nyama ni ya kwetu, au nayo Jumatatu inarudi?"

Kuna waliocheka wakajizuia, na waliojizuia wakacheka. Puseletso hakuinua kichwa. Alikuwa anasubiri sauti moja tu, ya mama yake, na haikuja. Alisikia tu hatua zake zikitoka kwenye mchanga, zikienda kwenye gari, na mlango ukifungwa.

Shangazi Mmasello alilikunja pindo la blanketi, akalisukumia chini ya jiwe, likaze. "Hatufunui. Kaka yangu havishwi nguo ya kurudisha." Akamgeukia mchonga mawe. "Na wewe, mwenye vumbi. Hiyo nusu iliyobaki inapata nini?"

Ntate Khabele alijikuna kope. "Dogo. La kijivu. Halina malaika."

"Jina linaenea?"

"Jina linaenea."

"Basi Jumatatu ukija kuchukua lako, ulete na letu. Twendeni tukale. Ng'ombe hana kosa."

Walikula. Nyama ilikuwa nyingi, tangawizi ilikuwa kali, na kila Puseletso alipopita na sinia mazungumzo yalipungua kidogo, yakaanza tena akishapita. Mama yake alikaa chumbani mpaka jioni. Jumapili kanisani walikaa benchi moja, na kati yao mkoba.

*

Jumatatu walikuwa wanne tu: Mme Disebo, Shangazi Mmasello, Tshokolo, ambaye hakuna aliyemwita, na Puseletso. Ntate Khabele na mtu wake walilipakia jiwe jeusi kwenye gari, wakashusha la kijivu, wakalikazia kwa saruji. Halikufika hata kiunoni. *Ramothibe Lephuting*, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na chini yake *Robala ka kgotso*, lala kwa amani, basi.

Hapakuwa na kwaya wala blanketi. Mme Disebo alilizunguka jiwe, mkono nyuma, kama anayekagua mbuzi sokoni. Puseletso alimfuata kwa macho.

"Ni dogo," alisema mama.

"Ndiyo, Mme."

"Hata yeye alikuwa mfupi." Aliinama, akapangusa vumbi kwenye herufi kwa kitambaa cha kichwani. "Lile jeusi lingemfanya ajione mtu mwingine. Angeanza kunisumbua na huko."

Tshokolo alicheka kwa pua. Puseletso alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine, na mama akampa kile kitambaa chenye vumbi ajifute. Akajifuta, akabaki na mchanga mashavuni.

"Kesho unakwenda wapi?" aliuliza Shangazi Mmasello.

"Kwa watu wa kodi, Shangazi. Nikitoka zamu."

"Faini inasubiri utoke zamu?"

"Haisubiri."

"Basi utakwenda asubuhi, kabla. Na mimi nakuja. Nataka nimwone huyo mtu anayekula kabla ya mwenye nyumba."

"Shangazi, kule watu hawagombani. Wanachukua namba ya foleni, wanakaa."

"Nitakaa," alisema shangazi, akijifunga blanketi vizuri, "lakini namba nachukua mbili, yako na yangu."